Bunge Likinyamaza, Mteule Amepita au Amekwama? Ulinganisho wa Njia za Kuidhinisha Wateule wa Rais

Kila panapozuka mjadala wa kuandika au kurekebisha katiba, pendekezo moja hupokelewa kwa makofi hata kabla halijasomwa hadi mwisho: kwamba mawaziri, majaji na wakuu wa tume wanaoteuliwa na Rais wapigwe msasa na Bunge kabla ya kuapishwa. Kenya ililiweka jambo hilo katika Katiba ya mwaka 2010, ingawa kwa upande wa majaji ni Jaji Mkuu na naibu wake tu. Nchini Tanzania, rasimu ya Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ililipendekeza kwa mawaziri mwaka 2013, ingawa halikufika kuwa sheria. Tatizo la makofi hayo ni kwamba kuidhinishwa na Bunge si jambo moja. Yapo mabunge ambayo yakinyamaza mteule amekwama, na yapo ambayo yakinyamaza mteule amepita; yapo yanayosaili mbele ya kamera, na yapo yanayofunga mlango; yapo yanayopiga kura kila mtu akionekana, na yapo yanayopiga kura ya siri.

Vyama vitagombana chini ya utaratibu wowote utakaochaguliwa, kwa kuwa cheo kikubwa ni mali ya kisiasa na hakuna kanuni itakayomfanya mbunge asahau ni chama gani kilichompeleka bungeni. Kinachoweza kuchaguliwa ni nani atakayebeba gharama ya ugomvi huo: mteule mwenyewe, ofisi inayokaa bila mkuu, Rais, au mwananchi. Kwa kipimo hicho nazilinganisha hapa Marekani, Kenya, Ghana, Uganda na Tanzania, wala sitazipa nafasi sawa, maana hazina mafunzo sawa.

Maana ya ukimya

Katiba ya Marekani inampa Rais mamlaka ya kuteua na inaipa Seneti mamlaka ya kushauri na kuridhia, lakini haitaji ukomo wa muda. Pengo hilo lilijulikana tangu zamani, na mwaka 2016 likatumiwa kwa ukamilifu wake. Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu alifariki Februari mwaka huo, na mwezi uliofuata Rais Barack Obama akamteua Merrick Garland, jaji wa mahakama ya rufaa ambaye hata upande wa Republican, chama kilichompinga Obama, alikuwa na waliomheshimu. Kiongozi wa walio wengi katika Seneti, Mitch McConnell wa Republican, alikwisha kutangaza kwamba kiti hicho kingejazwa na Rais ajaye. Garland hakukataliwa. Hakuna kikao kilichoitishwa kumhoji, hakuna kura iliyopigwa, na hakuna seneta aliyelazimika kuandikisha jina lake upande wa hapana. Uteuzi huo ulikaa siku 293, kisha ukafa wenyewe muhula wa Bunge ulipomalizika Januari 2017. Jaji Ruth Bader Ginsburg wa mahakama hiyo hiyo alipofariki Septemba 2020, Seneti iliyokuwa bado chini ya kiongozi yule yule ilimwidhinisha Amy Coney Barrett, mteule wa Rais Donald Trump wa Republican, kwa kura 52 dhidi ya 48, zikiwa zimebaki siku nane kufika uchaguzi mkuu.

Wengi huyasimulia matukio haya mawili kama kisa cha unafiki wa mwanasiasa mmoja. Unafiki haukosekani, lakini kwa anayetafuta utaratibu wa kuchagua, somo lenyewe ni kwamba kanuni isiyo na kalenda humkabidhi uteuzi yule anayepanga ratiba ya vikao, na mtu huyo hakuchaguliwa na taifa zima kwa kazi hiyo.

Tena ukimya wa Kimarekani hauhitaji hata chama kizima. Upandishaji vyeo wa maofisa wa jeshi kwa kawaida hupitishwa kwa mafungu, kwa ridhaa ya maseneta wote, na mmoja wao akisimama na kusema anapinga, kila jina hulazimika kupitia mlolongo wake wa hatua na kura. Mwaka 2023 seneta Tommy Tuberville wa Alabama alifanya hivyo kuanzia Februari hadi Desemba, akipinga sera ya Wizara ya Ulinzi ya kugharamia safari za wanajeshi wanaolazimika kwenda jimbo jingine kutoa mimba, na majina zaidi ya 400 yakakwama. Maofisa hao hawakuwa wameitunga sera hiyo, wala hawakuwa na uwezo wa kuiondoa. Hapo gharama ilibebwa na watu wasiokuwa sehemu ya ugomvi, na huo kwangu ndio utaratibu mbaya kuliko zote nilizoziangalia.

Marais nao wametafuta njia za mkato. Moja ilikuwa kuteua wakati Seneti iko mapumzikoni, hadi Mahakama ya Juu ilipoibana sana njia hiyo mwaka 2014 katika kesi ya Noel Canning. Nyingine ni kuendesha ofisi kwa makaimu chini ya sheria ya mwaka 1998, ambayo kwa kawaida humpa kaimu siku 210. Kaimu husaini, huamuru na huajiri, ilhali mara nyingi hakuna aliyemsaili kwa kazi hiyo. Kwa hiyo Seneti inayonyamaza ili kumdhibiti Rais huweza kuishia kumpa watumishi inaowadhibiti kidogo zaidi.

Kenya ilichagua upande wa pili kabisa. Sheria ya mwaka 2011 kuhusu uidhinishaji wa uteuzi wa umma, kama ilivyorekebishwa, inalipa Bunge siku 28 tangu jina lipokelewe. Siku hizo zikiisha bila Bunge kukubali wala kukataa, mteule anahesabiwa kuwa ameidhinishwa. Kisa cha Garland hakiwezi kutokea hapo. Serikali mpya haiwezi kukaa miezi bila mawaziri kwa sababu kinara fulani amekalia karatasi, na hiyo ni faida kubwa isiyofaa kupuuzwa na wanaoishangilia Seneti ya Marekani kutoka mbali.

Hata hivyo, kanuni hiyo ina ubaya wake. Chama chenye wabunge wengi hakilazimiki kumtetea mteule dhaifu, kwani kinaweza kuziacha siku zijihesabu. Na kwa kuwa saa inakwenda, kamati husaili wateule wengi kwa haraka. Agosti 2024, Rais William Ruto akiwa amewasilisha majina 20 baada ya kulivunja baraza lake la mawaziri kufuatia maandamano ya vijana, usaili wa wote ulifanyika ndani ya siku chache. Mteule hula kiapo, huulizwa thamani ya mali yake yote kwa shilingi huku kamera zikimtazama, huulizwa elimu yake, kesi zake kama zipo na mipango yake kwa wizara, kisha anaitwa wa pili. Kiasi cha mali ndicho kinachobaki katika vichwa vya habari, na mipango ya wizara haimkai mtu kichwani. Mwananchi anayetaka kupinga jina anapaswa kuwasilisha maelezo ya maandishi chini ya kiapo kabla ya usaili, jambo ambalo kwa dirisha finyu kama hilo linahitaji wakili au ari isiyo ya kawaida.

Ipo njia ya tatu, nayo ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeandika upya: ukimya usiwe ndiyo wala hapana, bali uwe kura ya lazima. Siku zikiisha, jina lipande lenyewe kwenye orodha ya shughuli za siku inayofuata, liwe la kwanza, na Spika asiwe na ruhusa ya kuendelea na jambo jingine kabla ya kura. Hapo chama kinachotaka kukataa kitakataa hadharani, na kinachotaka kupitisha kitaweka majina ya wabunge wake kwenye hansadi.

Wanaoandika kanuni hizi wasisahau pia kwamba ukimya unaweza kuhama kutoka Bungeni na kwenda Ikulu. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ya Kenya ilipendekeza majaji 41, na Rais Uhuru Kenyatta hakuwateua kwa takriban miaka miwili. Juni 2021 akateua 34 na kuwaacha sita, huku mmoja akiwa amekwisha kufariki. Ukomo wa siku ulioandikwa kwa ajili ya Bunge peke yake ni nusu ya kazi.

Idadi ya kura

Hoja ya kawaida ni kwamba kura nyingi zaidi zinazohitajika huvilazimisha vyama kuafikiana juu ya mtu wa katikati. Marekani huletwa kama ushahidi, lakini ushahidi huo una ufa. Kwa miaka mingi zilihitajika kura 60 kati ya 100 kufunga mjadala kuhusu mteule aliyepingwa, wakati kura yenyewe ya kumwidhinisha ilikuwa ya wingi wa kawaida. Scalia alipita mwaka 1986 kwa 98 dhidi ya sifuri, na Ginsburg mwaka 1993 kwa 96 dhidi ya tatu. Clarence Thomas naye alipita mwaka 1991 kwa 52 dhidi ya 48, kwa sababu wapinzani wake hawakuutumia mjadala usio na mwisho kumzuia. Kilichokuwa kinafanya kazi ni mazoea ya maseneta kuliko namba 60.

Mazoea yalipokwisha, namba haikudumu. Novemba 2013 Wademocrat chini ya Harry Reid, kiongozi wao katika Seneti, wakichoshwa na kuzuiwa kwa wateule wa mahakama ya rufaa ya Washington, walibadilisha utaratibu kwa kura 52 dhidi ya 48, wakaondoa hitaji la kura 60 kwa wateule wote isipokuwa wa Mahakama ya Juu. Aprili 2017 Warepublican waliiondoa na tofauti hiyo iliyobaki ili kumpitisha Neil Gorsuch. Tangu hapo hesabu za Mahakama ya Juu zimekuwa 54 kwa 45, kisha 50 kwa 48 za Brett Kavanaugh, 52 kwa 48 za Barrett, na 53 kwa 47 za Ketanji Brown Jackson mwaka 2022. Ukizitazama, unajua chama gani kilikuwa na viti vingapi, wala hujui chochote kuhusu majaji wenyewe. Kizingiti kinachoweza kushushwa na wingi wa kawaida ni sawa na kutokuwapo, kwa hiyo anayekitaka akiandike ndani ya katiba, asikiachie kanuni za kudumu za Bunge.

Kwa mawaziri Marekani ina kituko kingine. Betsy DeVos mwaka 2017 na Pete Hegseth mwaka 2025 walipita kwa 51 dhidi ya 50, kura ya mwisho ikipigwa na Makamu wa Rais, yaani msaidizi wa yule yule aliyewateua. Anayeona Bunge ni kizuizi kwa Rais angetakiwa kwanza kuondoa kura hiyo, ili sare iwe na maana ya kukataliwa.

Kuna wakati ambapo uidhinishaji ulifanya kazi yake hata kati ya vyama. Robert Bork alikataliwa mwaka 1987 kwa Mahakama ya Juu kwa 58 dhidi ya 42, na Warepublican sita walikuwa miongoni mwa waliomkataa mteule wa Rais wao, Ronald Reagan. John Tower alikataliwa mwaka 1989 kwa Wizara ya Ulinzi kwa 53 dhidi ya 47, kisha Dick Cheney akapita bila kupingwa. Katika visa vyote viwili nafasi ilijazwa muda si mrefu na mtu mwingine wa Rais yule yule. Kukataliwa kwa kura, kwa maneno mengine, hakukuwa kuzuiwa kwa Rais kutawala.

Tanzania inaonyesha upande wa pili wa hesabu. Huko Waziri Mkuu peke yake ndiye anayethibitishwa na Bunge kwa kura. Mawaziri wengine huteuliwa na Rais kutoka miongoni mwa wabunge, baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, wala hawasailiwi. Kassim Majaliwa alipata kura 258 mwaka 2015, Bunge likiwa na upinzani wenye nguvu, na kura 350 mwaka 2020, upinzani ukiwa umebaki na viti vya kuhesabika. Mtu ni yule yule, kazi ni ile ile. Panapokuwa na chama kimoja kinachojaza ukumbi, uidhinishaji wa aina yoyote utakuwa sherehe, na anayetaka udhibiti aelekeze nguvu kwenye namna viti vinavyopatikana, kwa kuwa msasa hautamsaidia.

Kenya nayo imeonyesha kuwa ugomvi wa vyama si ugonjwa pekee. Mwaka 2015 Monica Juma, aliyekuwa Katibu katika Wizara ya Usalama wa Ndani, alikataliwa na Bunge kwa wadhifa wa Katibu wa Baraza la Mawaziri. Moja ya vinyongo vya wabunge ilikuwa barua yake iliyowataka waache kumiminika ofisini kwake na maombi ya upendeleo. Mwaka 2018 Bunge lilimwidhinisha kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Oktoba 2022 kamati ilimkataa Penina Malonza kwa Wizara ya Utalii, na Bunge zima likamrudisha. Na mwaka 2024 orodha ya wateule ilipowajumuisha vigogo wa chama cha upinzani cha ODM, akiwamo John Mbadi wa Hazina ya Taifa, upande wa walio wachache ulijikuta ukiwasaili viongozi wake wenyewe. Kati ya majina 20 ni moja tu lililokataliwa, la Stella Soi Lang'at, kwa maelezo kwamba hakuonyesha kuielewa vya kutosha wizara aliyopewa. Si mara ya kwanza mizani ya upinzani kuharibiwa kwa kugawiwa vyeo, na hakuna idadi ya kura inayoweza kuzuia hilo.

Mlango na sanduku la kura

Kamati ya Uteuzi ya Bunge la Uganda, inayoongozwa na Spika, husikiliza wateule faraghani. Mteule hulindwa asitukanwe hadharani, lakini mwananchi hapati kujua kwa nini fulani amekataliwa na mwenzake mwenye doa kubwa zaidi akapita. Katiba ya Kenya, katika Ibara ya 124, inataka vikao hivyo viwe wazi. Naichagua njia ya Kenya bila kusitasita, hasa kwa sharti lake la madai kuletwa kwa maandishi na chini ya kiapo. Vikao vya Marekani vya Thomas mwaka 1991 na Kavanaugh mwaka 2018 vilionyesha madai mazito yakifika mbele ya taifa katika hatua za mwisho, bila muda wa kuyachunguza sawasawa, na kila chama kikaamini kile kilichokuwa kimeamua kuamini. Mlalamikaji na mlalamikiwa wote wakatoka wakiwa wameumizwa.

Kuhusu siri ya kura, Ghana ndiyo yenye la kusema. Uchaguzi wa 2020 ulivipa vyama vya NPP, kilichokuwa madarakani, na NDC, cha upinzani, viti 137 kila kimoja, na mbunge mmoja huru. Machi 2023 uongozi wa NDC uliwaagiza wabunge wake wawakatae mawaziri wapya wa Rais Nana Akufo-Addo, ukisema serikali ilikuwa kubwa mno kwa nchi iliyo katika msukosuko wa uchumi. Kura ilikuwa ya siri. Wateule wote walipita, na hesabu ikaonyesha kwamba baadhi ya kura za ndiyo zilitoka upinzani. Ukiwa unachukia amri za viranja wa vyama, utalisifu sanduku hilo. Ukiwa mpigakura wa NDC, utauliza ni nani aliyekuuza na kwa bei gani, na hutapata jibu. Mimi nasimama na mpigakura: mbunge anayeidhinisha mtu wa kutumia fedha za umma aonekane akiidhinisha. Ugomvi wa Ghana, kwa taarifa, haukuishia kwenye sanduku. Januari 2025, serikali ikiwa imebadilika, wabunge wa Kamati ya Uteuzi walibishana kuhusu ratiba ya usaili hadi meza zikavunjwa, na Spika akawasimamisha wanne kwa wiki mbili.

Kuchagua kwa cheo

Kosa la kawaida ni kuchagua utaratibu mmoja kwa vyeo vyote. Waziri ni mtekelezaji wa sera za Rais na ataondoka naye. Kwake nachagua wingi wa kawaida wa kura za wazi, usaili wa hadharani na ukomo wa siku unaoishia kwenye kura ya lazima. Chama kilichoshinda uchaguzi kina haki ya kuunda serikali, na upinzani una haki ya kuuliza maswali na kuandikwa jina upande wa hapana.

Jaji hukaa baada ya Rais kuondoka, na kwake njia bora ni kumpunguzia Rais uwanja wa kuchagua kabla jina halijafika Bungeni. Mapema mwaka 2011 Rais Mwai Kibaki alimteua Jaji Alnashir Visram kuwa Jaji Mkuu bila kukubaliana na Waziri Mkuu Raila Odinga. Mahakama na Spika Kenneth Marende waliona utaratibu umekiukwa, na majina yakaondolewa. Kisha Tume ya Huduma za Mahakama ikatangaza nafasi, ikawasaili waombaji hadharani, na Willy Mutunga akapatikana. Bunge bado lilipiga kura, lakini ugomvi wa vyama ulikuwa umepungua kwa kuwa jina halikutoka mfukoni mwa mtu mmoja. Kwa wakuu wa tume za uchaguzi na wakaguzi wa hesabu ningeongeza kizingiti cha theluthi mbili, kiandikwe katika katiba, kwa sababu hao ndio wanaosimamia mchezo ambao vyama vyote vinacheza.

Vyeo vingine vyote vibaki nje ya Bunge. Marekani ina vyeo zaidi ya 1,200 vinavyohitaji kura ya Seneti, wakiwamo mabalozi na manaibu wengi ambao majina yao hayajulikani nje ya wizara zao, na foleni ndiyo inayompa kila mwenye kinyongo nafasi ya kuzuia. Septemba 2025 Warepublican, wakilalamika kwamba Wademocrat wanachelewesha kila jina, walibadilisha utaratibu na kuwaidhinisha wateule 48 kwa kura moja. Seneta aliyepiga kura hiyo, ya ndiyo au ya hapana, hakuwa na njia ya kumkubali wa kumi na kumkataa wa ishirini. Kwa nchi inayoanza sasa, orodha ya mawaziri, Jaji Mkuu na naibu wake, Mwanasheria Mkuu, mwendesha mashtaka mkuu, mkaguzi wa hesabu na makamishna wa uchaguzi inatosha.